Mpiga ngoma humfuata mchezaji: maswali yenu kuhusu muziki wa gemu

Tuliomba maswali kuhusu muziki wa gemu za kompyuta, runinga na simu. Tumechagua sita. Barua ndefu tumezifupisha, ila majibu hatukuyabana, kwa kuwa wengi mliuliza mambo ya kufanya kwa mikono.

Tumsifu Yesu Kristo. Kwaya yetu imeletewa noti za "Baba Yetu" ya Christopher Tin tuimbe Pasaka. Kijana mmoja anasema ni wimbo wa gemu. Ni kweli? Na mbona maneno hayafuati sala kama tunavyoisali? Tunaruhusiwa kuyarekebisha? (Mwanakwaya, Dodoma)

Milele amina. Kijana wenu amesema kweli. Wimbo huo ulitungwa kwa ajili ya Civilization IV, gemu ya mwaka 2005 ambamo mchezaji hulea taifa tangu enzi za kale hadi za vyombo vya anga. Husikika mwanzo kabisa, kwenye ukurasa wa kuchagua, kabla mchezo haujaanza. Soren Johnson, msanifu mkuu wa gemu hiyo, aliwahi kuishi chumba kimoja na Tin walipokuwa wanafunzi wa Stanford, Marekani, na waimbaji wa rekodi ya kwanza walitoka Talisman, kikundi cha chuo hicho hicho. Mwaka 2009 Tin aliurekodi upya na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini, ukafungua albamu yake Calling All Dawns yenye nyimbo 12 za lugha 12.

Rekodi hiyo ya pili ndiyo iliyopata Grammy Februari 2011. Tuzo hizo hupima rekodi zilizotoka ndani ya kipindi cha mashindano, kwa hiyo ni albamu iliyoufikisha wimbo mbele ya majaji, miaka zaidi ya mitano baada ya gemu. Wakati ule Grammy haikuwa na kipengele cha gemu. Wimbo uliingia katika upangaji wa ala zinazosindikiza waimbaji, ukashindana na nyimbo za kawaida, ukashinda. Ndio muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata Grammy, na umeimbwa kwa Kiswahili chetu. Jambo hilo linastahili kujulikana katika kila kwaya ya Afrika Mashariki.

Sasa maneno. Mmeona vizuri. Mtunzi ameingiza jina "Yesu" katika mstari wa kwanza, ilhali katika Mathayo 6:9 Yesu mwenyewe ndiye anayefundisha watu kusali kwa Baba. Pia ombi la ufalme kuja limesogezwa nyuma, likawa baada ya chakula na msamaha. Neno "uliye" mahali pengine linaachwa peke yake bila "mbinguni", na sikio la Mswahili hubaki linasubiri. Mtunzi alifuata mapigo kuliko sarufi, na kwa waimbaji waliozaliwa na lugha hii hapo ndipo penye kazi: msivute pumzi baada ya "uliye" panapofuatwa na "mbinguni", ili sentensi isikatike mara mbili.

Kuhusu kurekebisha, hesabuni silabi kwanza. "Baba yetu uliye mbinguni" ina silabi 10. Ukitia "Yesu" zinakuwa 12, na tuni imekatwa kwa 12. Ukiliondoa jina, silabi ya mwisho ya "yetu" lazima ivutwe kujaza nafasi mbili, na mstari unapoteza mruko wake. Kisheria, maneno ya sala ni ya wote, lakini tuni na mpangilio ni mali ya mtunzi, na kubadilisha kazi yake kunahitaji ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye haki. Ushauri wetu: uimbeni kama ulivyo katika tamasha, na ndani ya ibada salini sala kama mlivyozoea. Noti za kwaya ya sauti nne huuzwa rasmi kwa idadi ya waimbaji. Nakala moja iliyotolewa fotokopi kwa watu 40 si halali, hata ikiwa ni kwa kanisa.

Nimepiga gitaa la besi katika bendi za dansi maisha yangu yote. Wajukuu wananiambia milio ya gemu za zamani, ile ya "bip bip", ni sanaa. Sanaa iko wapi hapo? (Mzee mstaafu, Tanga)

Shikamoo mzee. Wewe uliyeshika besi utalielewa jambo hili upesi kuliko wajukuu, kwa sababu Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ilikuwa bendi ndogo ndani ya chipu. Ilikuwa na njia tano tu za sauti. Mbili za mlio mkavu, mkali: solo na gitaa la pili. Moja ya mlio laini wa chini: besi. Moja ya mchakacho kama redio iliyopoteza stesheni: hiyo ikawa drams. Ya tano ilicheza vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa, lakini ilikula nafasi nyingi kwenye kaseti ya gemu.

Gitaa la ridhimu halipo. Kila njia hupiga noti moja kwa wakati, kwa hiyo kodi, yaani noti tatu zinazolia pamoja, haipatikani ndani ya njia moja. Watunzi wakazipiga noti za kodi moja moja kwa kasi kubwa, zikibadilika kila picha ya skrini inapobadilika, mara 60 kwa sekunde, mpaka sikio likaziunganisha na kusikia kodi inayotetemeka. Besi nayo haikuwa na kitasa cha kupunguza sauti: ama inalia, ama imenyamaza. Wewe ukiingia kwenye mashairi unalegeza kidole. Mtunzi wa Famicom hakuwa na kidole cha kulegeza, akawa anafupisha noti na kuacha mapengo ili besi isimzibe mwimbaji, yaani ile njia ya solo. Na mchezaji akiruka au akiokota sarafu, mlio wa tendo hilo hunyang'anya muziki njia moja kwa muda. Kwa hiyo wimbo ulitakiwa usimame hata ukipoteza mpiga gitaa mmoja kila baada ya sekunde mbili.

Ndani ya mipaka hiyo Koji Kondo alitunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985. Gemu nzima, picha, sauti na kanuni zake zote, ilikaa katika kilobaiti 40, na picha moja unayotumiwa kwa simu huwa kubwa kuliko hiyo. Muziki haukuwa rekodi, ulikuwa maagizo: piga noti hii, muda huu, njia hii. Kwa kuwa ni maagizo, ungeweza kubadilishwa mwendo papo hapo, na saa ya mchezo ikishuka hadi 100 wimbo unaharakishwa na mikono ya mchezaji inatoka jasho. Aprili 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo huo katika daftari lake la taifa la rekodi za kuhifadhiwa, ambalo huchagua rekodi 25 kwa mwaka, zote zenye umri wa miaka 10 au zaidi. Ulikuwa wa kwanza kutoka katika gemu. Mwaka 2025 ikafuata albamu ya gemu ya Minecraft ya Mjerumani Daniel Rosenfeld, anayejulikana kwa jina la C418.

Ukitaka kuionja kazi yenyewe, waambie wajukuu wapakue FamiTracker, programu ya bure ya Windows inayokupa njia zile zile tano. Andika besi ya vipimo vinne kwanza, halafu solo, na njia nyingine iachie kiitikio. Utaona besi yako ya dansi, ile inayotembea na kuruka, inakaa humo bila shida.

Nina studio ndogo, natumia FL Studio. Nimemtengenezea rafiki muziki wa gemu ya simu, lupu ya sekunde 40, faili la MP3. Ikirudi mwanzo kuna kimya kidogo, halafu mwangwi wa mwisho unakatika kama umekatwa kwa panga. Na besi haisikiki kwenye simu kabisa. Kosa liko wapi? (Prodyuza, Mwanza)

Makosa ni matatu, na kila moja lina dawa yake.

Kile kimya kinatoka kwenye MP3 yenyewe. Programu inayotengeneza MP3 huongeza sampuli (chembe ndogo mno za sauti) tupu mwanzoni, na inayoifungua huongeza nyingine. Kwa programu maarufu ya LAME jumla ni takriban sampuli 1,105, karibu milisekunde 25 katika kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde. Mwishoni pia hujaza, kwa sababu MP3 hukatwa katika vipande vya sampuli 1,152, na wimbo wako haugawanyiki sawasawa kwa namba hiyo. Kwa wimbo wa redio hakuna anayejali. Kwa lupu yenye mapigo, milisekunde 25 ni mpiga ngoma aliyejikwaa, na anajikwaa pale pale kila mara. Toa faili la OGG Vorbis, ambalo huhifadhi urefu kamili, au WAV kama nafasi ipo. Usiichukue MP3 hiyo ukaigeuza OGG, kwani kimya kitahamia humo. Rudi kwenye mradi wako utoe upya.

Mwangwi unakatika kwa sababu umetoa faili linaloishia pale noti ya mwisho inapoishia, na mkia wa mwangwi umebaki nje. Katika FL Studio, kwenye dirisha la kutoa faili, kuna chaguo la mkia: chagua "Wrap remainder". Mkia utachukuliwa na kumwagwa juu ya mwanzo wa lupu, kana kwamba wimbo ulikuwa tayari unazunguka. Kwa programu isiyo na chaguo hilo, panga wimbo mara mbili mfululizo, toa vyote, kisha kata mzunguko wa pili peke yake, kuanzia pigo la kwanza lake hadi sampuli ya mwisho kabla ya pale ambapo mzunguko wa tatu ungeanza. Mwanzo wake tayari una mkia wa mzunguko uliotangulia. Angalia tu: wimbo unaoanza kwa ukimya utasikika na mwangwi mwanzoni hata mara ya kwanza kabisa. Kama hilo linakuudhi, toa mafaili mawili, la kuingilia linalopigwa mara moja, na la lupu.

Ukisikia "tik" badala ya kimya, umekata mahali ambapo wimbi la sauti liko juu au chini ya mstari wa kati. Mbinu ya mzunguko wa pili huondoa tatizo hilo kwa sehemu kubwa, kwa sababu mwisho na mwanzo vinaendelezana. Kufifisha mwisho wa lupu hakusaidii. Kunageuza "tik" kuwa shimo.

Hesabu ya urefu ifanye kabla ya kutunga. Chukua mwendo wa mapigo 100 kwa dakika: kila pigo ni sekunde 0.6. Vipimo 48 vya mapigo manne ni mapigo 192, sawa na sekunde 115.2, yaani sampuli 5,080,320 katika kiwango cha 44,100, namba kamili isiyo na kipande. Mwendo wa 90, 96, 100 au 120 hutoa namba kamili kwa kila pigo katika kiwango cha 48,000. Mwendo wa 110 hutoa desimali zisizokwisha, na mafaili mawili yanayotakiwa kwenda sambamba yanaweza kutofautiana kwa sampuli moja. Kwa lupu ya peke yake haina madhara. Kwa matabaka, tunayoyaeleza katika jibu linalofuata, chunga.

Sekunde 40 nazo ni chache. Mtu akicheza nusu saa ataisikia lupu yako mara 45. Lenga sekunde 90 hadi 120, na ile sehemu tamu, inayoshika kichwa, isije kabla ya theluthi ya kwanza wala isirudiwe zaidi ya mara mbili. Urefu hauongezi mzigo wa bando kama unavyodhani: sekunde 115.2 za WAV ya stereo ni megabaiti 20 na ushee, lakini OGG ya kilobiti 128 ni chini ya megabaiti 2.

Besi: spika ya simu ni ndogo kuliko sarafu, haiwezi kusukuma mawimbi ya hezi 40 hadi 60. Usiongeze sauti ya besi, utapasua spika bila kusikika zaidi. Nakili mstari wa besi oktavu moja juu kwa sauti ndogo, au ukwaruze kidogo kwa kifaa cha kuongeza ukali ili upate milio ya juu yake, na sikio litaijaza ile ya chini lenyewe. Sikiliza kwenye simu ya bei nafuu kabla ya kumkabidhi mteja.

Nguvu ya sauti: viwango vya Sony kwa gemu nzima, kwa LUFS (kipimo cha nguvu ya sauti jinsi sikio linavyoisikia), ni -24 kwa mashine za nyumbani na -18 kwa za mkononi. Ukipeleka wimbo uliobanwa kama wa redio, mtengeneza gemu ataushusha, na kilichobaki ni ubapa bila nguvu.

Nasoma sanaa, napenda ngoma za pwani. Nimesikia muziki wa gemu unabadilika kadiri mtu anavyocheza. Unatungwaje? Ngoma zetu zinaweza kuingia humo? (Mwanafunzi, Bagamoyo)

Zinaweza kuingia, na zitaingia kwa urahisi kuliko okestra. Tazama lugha yetu: anayecheza ngoma ni mchezaji, anayecheza gemu ni mchezaji. Mpiga msondo, ile ngoma ndefu, hatazami karatasi, anatazama mabega na miguu ya wanaocheza, akiona wamechoka anapunguza, akiona wamepamba moto anawaongezea. Muziki wa gemu unajaribu kuifundisha mashine kazi hiyo hiyo. Kwenye Space Invaders ya 1978 noti nne tu za chini zilizunguka na kuharakishwa kadiri maadui walivyobaki wachache. Mwaka 1991, katika Monkey Island 2, Michael Land na Peter McConnell wa LucasArts walitumia mfumo wao, iMUSE, ulioufanya wimbo ubadilike kila mchezaji alipoingia nyumba nyingine bila kukatika katikati ya mapigo.

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni matabaka: wimbo mmoja uliogawanywa katika mafaili kadhaa yanayokwenda sambamba, na gemu inafungua au kufunga sauti ya kila moja. Ya pili ni vipande: wimbo umekatwa sehemu zinazoweza kufuatana kwa mpangilio wowote, na gemu inachagua kinachofuata.

Anza na matabaka. Chagua mwendo mmoja na ufunguo mmoja kwa eneo zima la mchezo. Bill Elm na Woody Jackson waliotunga Red Dead Redemption ya 2010 walirekodi karibu kila kitu katika mapigo 130 kwa dakika na ufunguo wa A ndogo, ndiyo maana gitaa la sehemu moja liliweza kukaa juu ya ngoma za sehemu nyingine. Kwa ngoma za pwani tunapendekeza mafaili manne ya urefu ule ule hadi sampuli ya mwisho: ngoma za vumi na chapuo pamoja, zinazolia muda wote; msondo, unaoingia hatari ikikaribia; zumari, la ushindi au la mahali patakatifu; na makofi na vigelegele.

Kosa la kwanza hutokea siku ya kurekodi. Wapigaji wakikaa chumba kimoja, msondo unavuja ndani ya maikrofoni ya vumi. Baadaye gemu inafunga tabaka la msondo, na bado unausikia kwa mbali kama mzimu. Warekodi mmoja mmoja, wakisikiliza wenzao kwa hedifoni. Najua mpiga ngoma hupoteza moto akiwa peke yake. Kwa hiyo warekodi kwanza wote pamoja, wakifuata mlio wa kuongoza mwendo, na rekodi hiyo ndiyo wasikilize wakati wa kurekodi mmoja mmoja, badala ya mlio mkavu wa mashine. Bila mlio wa kuongoza mwanzoni, kundi zuri huharakisha kadiri linavyonoga, na lupu haitafunga.

Zumari lina tatizo lake. Matundu yake hayakutobolewa kwa kufuata kinanda, na mpulizaji hawezi kulazimishwa kwenda huko. Pima noti zake kwa kifaa cha kupimia, uone zimepita au zimepungua senti ngapi (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni), kisha ala za kompyuta ndizo zisogezwe zilifuate zumari. Wanaofanya kinyume, wakainyoosha sauti ya zumari kwa programu, hupata kitu kinacholia kama honi.

Ndani ya gemu, mafaili yote manne yaanze kwa pamoja, mengine yakiwa na sauti sifuri. Usisubiri adui atokee ndipo uanzishe faili la msondo, litaingia nje ya mapigo. Tabaka liingie kwa kupanda taratibu, nusu sekunde hadi sekunde mbili, na litoke polepole zaidi, sekunde nne hivi. Weka subira pia: adui akitoka na kurudi kila sekunde, msondo utapepesuka kama taa ya umeme mbovu. Iambie gemu isubiri sekunde tano za usalama kabla ya kuushusha. Na changanya sauti matabaka yote yakiwa wazi, ukiacha desibeli 6 za nafasi juu, maana tabaka linalosikika vizuri peke yake hupasua likikutana na wenzake.

Kwa vipande, kanuni ni kubadilika mwanzoni mwa kipimo kinachofuata. Kwa mapigo 100 kipimo kimoja ni sekunde 2.4, na mchezaji aliyeshambuliwa hawezi kusubiri hivyo bila kusikia kitu. Andaa mpigo mfupi wa dharura, sekunde moja ya ngoma na kelele, upigwe papo hapo kufunika subira. Godot, programu ya bure ya kutengeneza gemu, kuanzia toleo 4.3 la 2024 ina AudioStreamSynchronized kwa matabaka na AudioStreamInteractive kwa vipande, ambako unajaza jedwali: kutoka kipande hiki kwenda kile, badilika sasa, pigo lijalo, kipimo kijacho au mwisho. FMOD Studio, programu ya sauti za gemu, hufanya hayo kwa uwanja mpana zaidi na ni bure kwa miradi midogo.

Hivi ni nani hasa anayeutambua muziki huu kama sanaa? (Mwalimu wa muziki, Nairobi)

Wajapani walitangulia. Agosti 1987 Koichi Sugiyama aliupeleka muziki wake wa Dragon Quest katika ukumbi wa Suntory, Tokyo, ukapigwa na wanamuziki wa jukwaani. Ulaya ilifuata Agosti 2003 kwa tamasha la okestra katika Gewandhaus, Leipzig. Mwaka 2013 wasikilizaji wa Classic FM ya Uingereza walipigia kura muziki wa Final Fantasy wa Nobuo Uematsu hadi nafasi ya tatu kati ya kazi zote za muziki wa klasiki. Kabla yake kidogo, Desemba 2012, Journey ya Austin Wintory ilikuwa gemu ya kwanza kuteuliwa katika kipengele cha Grammy cha muziki wa filamu, runinga na kazi nyingine za picha. Julai 2021 wanamichezo wa Olimpiki ya Tokyo waliingia uwanjani kwa muziki wa gemu, na Agosti 2022 BBC Proms, tamasha la muziki la Uingereza, ikautengea usiku mzima katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Februari 2023 Grammy ikaanzisha kipengele cha gemu, na Stephanie Economou akawa wa kwanza kukishinda.

Tunafurahia hayo yote, lakini tunakuomba uwafundishe wanafunzi wako kuona kasoro moja. Majaji na wasikilizaji wa ukumbini hupewa albamu, yaani toleo moja lililokatwa na kufungwa. Ile kazi ngumu, ya wimbo kumsubiri mtu asiyejulikana atageuka lini, haimo ndani ya albamu. Kwa somo moja, fanyeni hivi: mwanafunzi mmoja acheze gemu kwa dakika kumi mbele ya darasa, asimame bila kutenda lolote kwa dakika moja, akimbie, arudi nyuma, afe makusudi. Wengine waandike muda na kilichobadilika: ala gani imeingia, mwendo, ufunguo, ukimya. Baadaye wasikilize wimbo huo huo kwenye albamu na waandike kilichopotea. Orodha hiyo ya pili ndiyo sanaa inayoitofautisha gemu na filamu.

Mtengeneza gemu anataka kuninunulia nyimbo tano "moja kwa moja". Nikubali? (Mtunzi, Mombasa)

Muulize kwanza ananunua nini. "Moja kwa moja" inaweza kumaanisha ruhusa ya kuutumia muziki ndani ya gemu hiyo, au kukunyang'anya haki zote, hata ya kuziimba mwenyewe. Bei zake hazifanani. Mara nyingi inatosha kumpa ruhusa ya gemu hiyo na matangazo yake, wewe ukibaki na haki ya kutoa albamu. Wimbo wa Tin ulifika kwa majaji kupitia albamu.

Mkataba uandikwe, utiwe saini, na utaje dakika ngapi za muziki, mafaili ya aina gani, kama matabaka yaliyotenganishwa yamo (hayo yatozwe zaidi, kwa kuwa nayo mtu anaweza kuunda nyimbo mpya bila wewe), marekebisho mangapi bila malipo, jina lako litakaa wapi ndani ya gemu, na gemu ya pili ikitoka mnaanza mazungumzo upya. Pokea nusu ya fedha kabla ya kuanza. Kenya hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, na Tanzania ni hivyo hivyo. Unayo tangu ulipoirekodi au kuiandika kazi, lakini kuisajili KECOBO, ofisi ya hakimiliki ya Kenya, au COSOTA kwa walio Tanzania, hukupa cheti cha kuonyesha siku ya ubishi. Fanya usajili kabla ya kutuma mafaili, na hadi mkataba utiwe saini mtumie sampuli za sekunde 30 tu.